Mfupa unaoota ndani ya tundu la sikio: dalili, uchunguzi na tiba yake

MTU anapohisi kwamba sikio lake limeziba, jambo la kwanza analolifikiria ni nta. Huchukua kijiti cha pamba, njiti ya kiberiti au unyoya wa kuku, akachokonoa, na asipopata nafuu huongeza nguvu. Aghalabu kilichoziba ni nta kweli. Hata hivyo, wapo watu ambao kilichomo ndani si nta, si mdudu wala si usaha. Ni mfupa wa mwili wao wenyewe, ulioota taratibu kwa miaka mingi kutoka katika ukuta wa tundu la sikio hadi ukakaribia kulifunga.

Mfupa huo si saratani. Haupenyezi mizizi katika viungo vya jirani wala hausambai mwilini, na wengi walio nao huishi hadi uzeeni bila ya kuutambua. Madhara yanayompata mgonjwa kwa kawaida hutokana na mambo mawili yanayoandamana nao: uchafu na maji yanayonaswa nyuma yake, na mikono inayojaribu kuuondoa bila ya kujua ni kitu gani. Makala haya yanaeleza mfupa huo ni nini, huota kwa sababu gani, daktari huutambuaje, na ni wakati gani unapaswa kukatwa au kuachwa kama ulivyo.

Tundu la sikio lilivyoumbwa

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 2.5, tangu mlangoni hadi kwenye ngoma ya sikio, yaani ule utando mwembamba unaotikiswa na sauti. Theluthi yake ya nje imezungukwa na gegedu, kitu kigumu kiasi lakini chenye kukunjika, kama kile kinacholishikilia sikio la nje. Humo ndimo vinamoota vinyweleo na ndimo zilimo tezi zinazotengeneza nta. Theluthi mbili za ndani zimezungukwa na mfupa wa fuvu.

Ngozi inayofunika sehemu hiyo ya mfupa ni nyembamba mno. Haifikii hata nusu milimita, na chini yake hakuna mafuta wala nyama ya kuikinga. Ndiyo sababu kijiti kikigusa huko ndani mtu hushtuka kwa maumivu, na ndiyo sababu pia baridi inayoingia sikioni huufikia mfupa kwa urahisi kuliko mahali pengine popote mwilini.

Jambo jingine la kufahamu ni kwamba sikio hujisafisha lenyewe. Ngozi ya ndani husogea polepole kutoka kwenye ngoma kuelekea nje, ikibeba seli zilizokufa na nta mpaka mlangoni, ambako hudondoka au kuoshwa wakati wa kuoga. Njia hiyo ikizuiwa na kitu chochote, taka hukwama na kujilundika. Kanuni hii ndogo ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya mateso ya mtu mwenye mfupa sikioni.

Aina mbili za mfupa

Madaktari hutofautisha aina mbili za mifupa isiyo ya saratani inayoota katika tundu la sikio. Ya kwanza huitwa eksostosi. Hii ni vinundu vyenye kitako kipana, ambavyo kwa kawaida huwa zaidi ya kimoja, hutokea katika masikio yote mawili, na huota ndani sana, karibu na ngoma. Kinundu kimoja huchomoza kutoka ukuta wa mbele, kingine kutoka ukuta wa nyuma, na baada ya miaka mingi hukaribiana kama vilima viwili vinavyobana bonde.

Aina ya pili ni osteoma. Hii aghalabu ni moja tu, katika sikio moja, nayo hushikiliwa na kikonyo chembamba mfano wa tunda linaloning'inia. Huota mbali zaidi na ngoma, kwenye maungio ya mifupa inayoliunda tundu, na hutokea kwa nadra kuliko eksostosi. Osteoma huhesabiwa kuwa uvimbe halisi wa mfupa, ingawa hauna ubaya wa saratani, ilhali eksostosi ni namna ya mfupa kujibu kero iliyoupata kwa muda mrefu.

Tofauti hii ina maana kwa mgonjwa. Osteoma yenye kikonyo huondolewa kwa urahisi zaidi na ni nadra kurudi. Eksostosi huhitaji kazi ndefu na ya uangalifu mkubwa, kwa kuwa ipo jirani na ngoma, nayo yaweza kuota tena iwapo kilichoisababisha kitaendelea.

Baridi ndicho chanzo kikuu

Chanzo cha eksostosi kinachojulikana vyema ni maji baridi yanayoingia sikioni mara kwa mara kwa miaka mingi, hasa yakiandamana na upepo. Maji yenye nyuzijoto chini ya 19 za Sentigredi ndiyo hutajwa zaidi. Baridi huikera ngozi na ule utando unaoufunika mfupa. Mishipa ya damu ya mahali hapo hutanuka, na utando huo huanza kujenga tabaka jipya la mfupa juu ya lile la zamani. Kila msimu wa baridi huongeza tabaka. Mfupa huo ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini, huonekana umepangika tabaka kwa tabaka, mfano wa kitunguu.

Hayo hayakugunduliwa jana. Mwaka 1938 daktari wa Uholanzi, van Gilse, alieleza uhusiano kati ya vinundu hivyo na watu wenye mazoea ya kuogelea katika maji baridi. Mwaka 1942 watafiti wa Marekani, Fowler na Osmun, walionyesha kwamba masikio ya wanyama wadogo wa maabara yakioshwa kwa maji baridi mara kwa mara, mfupa mpya huota. Mwaka 1977 ugonjwa huo ulipewa katika maandishi ya kitabibu jina ambalo limeshika hadi leo, la sikio la wateleza mawimbi, yaani wale wanaosimama juu ya ubao na kubebwa na mawimbi ya bahari. Uchunguzi wa wanamichezo hao uliochapishwa mwaka 1999 huko Marekani ulikuta vinundu kwa karibu robo tatu yao, na kadiri miaka ya mtu baharini ilivyokuwa mingi ndivyo tundu lilivyokuwa jembamba zaidi.

Mifupa ya watu wa kale nayo imetoa ushahidi. Kwa kuwa fuvu hudumu ardhini maelfu ya miaka, vinundu vya sikioni hubaki vikionekana muda mrefu baada ya mwenyewe kufa. Huko Chile ya kaskazini, ambako bahari hupozwa na mkondo wa Humboldt, watafiti walilinganisha mafuvu ya kale ya wakazi wa pwani, wa mabonde na wa milimani. Walikuta vinundu katika takriban mafuvu 3 kati ya kila 10 ya watu wa pwani, waliokuwa wakizamia chaza na samaki. Wale wa mabondeni walikuwa navyo wachache sana, na wa milimani hawakuwa navyo kabisa. Mwaka 2019 Erik Trinkaus na wenzake walichapisha utafiti uliohusu pia masikio ya Neandertal, wale binadamu wa kale wa Ulaya na Asia ya magharibi. Kati ya mabaki 23 ya Neandertal yaliyochunguzwa, karibu nusu yalikuwa na vinundu hivyo.

Kwa upande wa osteoma, chanzo chake hakihusiani waziwazi na maji baridi. Yaweza kumtokea mtu ambaye hajawahi kuogelea maishani mwake.

Je, ugonjwa huu upo Afrika Mashariki?

Ramani ya eksostosi hufuata ramani ya maji baridi. Husumbua zaidi watu wa nchi zilizo kati ya nyuzi 30 na 45 za latitudo, kaskazini na kusini mwa Ikweta, ambako maji ni baridi lakini si baridi kiasi cha kuwazuia watu kuyaingia. Kwa Afrika, sehemu inayohusika zaidi ni Rasi ya Afrika Kusini, hasa upande wa Atlantiki, ambako maji mara nyingi huwa chini ya nyuzijoto 15.

Pwani yetu, tangu Lamu na Mombasa hadi Unguja, Dar es Salaam na Mtwara, ina bahari yenye joto la nyuzi 25 hadi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Maziwa makuu ya Victoria, Tanganyika na Nyasa nayo hayapoi kiasi kinachotajwa. Hivyo mvuvi au mpiga mbizi wa pwani hana sababu ya kuhofia eksostosi kama mwenzake wa Cape Town au wa Cornwall, Uingereza. Kinachomkabili zaidi ni nta iliyovimba kwa maji, fangasi na maambukizi ya ngozi ya sikio, ambayo hustawi katika joto na unyevunyevu.

Hata hivyo, kuna makundi matatu ambayo habari hizi zinayahusu moja kwa moja. La kwanza ni ndugu zetu walioko Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Afrika Kusini, ambao huogelea, kupiga mbizi au kufanya kazi katika maji baridi. La pili ni wale waliowahi kuishi huko kwa muda mrefu kisha wakarejea, kwa kuwa mfupa uliokwishaota hauyeyuki kwa kuhama nchi. La tatu ni mtu yeyote, popote alipo, aliyepatwa na osteoma. Mwenye sikio moja lililoziba kwa muda mrefu bila ya sababu inayojulikana hapaswi kudhani kwamba ni lazima iwe nta.

Dalili zake

Sauti haihitaji njia pana. Tundu la sikio likibakiwa hata na upenyo mdogo, sauti hupita na mtu husikia kama kawaida. Ndiyo maana mfupa huweza kuota kwa miaka 10 au 20 bila ya dalili. Kwa kawaida malalamiko huanza pale ambapo sehemu kubwa sana ya tundu, yapata asilimia 80, imekwishazibwa.

Hapo tone moja la maji au kipande kidogo cha nta hutosha kuufunga upenyo uliosalia. Mgonjwa hueleza kwamba akitoka kuoga sikio hufunga ghafla, hubaki hivyo kwa saa au siku kadhaa, kisha hufunguka lenyewe. Dalili nyingine ni maji kutikisika ndani bila ya kutoka, maambukizi yanayorudiarudia, kuwasha, maumivu, usaha, mvumo sikioni na usikivu kupungua. Wengine huambiwa kila mara kwamba wana nta, huoshwa sikio, hupata nafuu, na baada ya wiki chache hurudi wakiwa katika hali ileile.

Kujirudia huko ndiko kunakopaswa kumzindua mgonjwa na mganga wake. Sikio linaloziba au kuambukizwa mara kwa mara linahitaji kutazamwa ndani kwa makini kabla ya kupewa dawa nyingine.

Hatari ya kuchokonoa

Mtu mwenye mfupa sikioni akichokonoa hugusa kitu kigumu. Kwa kuwa hajui ni mfupa, hudhani ni nta iliyokauka, naye hujitahidi kuing'oa. Ngozi iliyo juu ya kinundu ni nyembamba kuliko karatasi. Huchubuka, hutoa damu, na wadudu wa maradhi hupata mlango. Ngozi ikivimba, upenyo uliokuwa umesalia hufungika, na mtu aliyekuwa anasikia vyema asubuhi huwa kiziwi wa sikio hilo jioni. Kijiti kikipita kati ya vinundu chaweza pia kuitoboa ngoma.

Hali kadhalika, haifai kutia sikioni mafuta yaliyopashwa moto, maji ya majani au dawa ya matone iliyobaki nyumbani. Nyuma ya mfupa huenda ngoma imetoboka bila ya mwenyewe kujua, na baadhi ya dawa zikipenya hadi sikio la ndani huweza kudhuru usikivu daima. Hata kuosha sikio kwa bomba la maji hospitalini hakufai kufanywa kabla ya kutazama, kwa sababu maji yanaweza kunaswa nyuma ya vinundu na kuleta maambukizi.

Daktari huutambuaje

Uchunguzi huanza kwa maswali. Daktari atauliza tatizo limeanza lini, ni sikio moja au yote mawili, huzidi baada ya kuoga au kuogelea, iwapo mgonjwa amewahi kuishi au kufanya kazi katika maji baridi, na iwapo ana kisukari. Mgonjwa naye asione haya kueleza alichokwishatia sikioni.

Kisha hutazama kwa otoskopu, kifaa kidogo chenye taa na kioo cha kukuza. Vinundu vya mfupa huonekana kama vivimbe laini kwa sura, vyenye rangi ya ngozi au weupe, na ngozi yake ni nzima. Iwapo nta au usaha umezuia, bingwa huusafisha kwanza kwa mrija wa kunyonya huku akitazama kwa hadubini. Akikigusa kinundu taratibu kwa kifaa chembamba, hukihisi kigumu kama jiwe, na mgonjwa huhisi maumivu kwa wepesi. Nyama laini, jipu au uvimbe mwingine haujibu hivyo.

Kwa kiasi cha kuziba, madaktari wengi hugawa madaraja matatu. Daraja dogo ni pale mfupa ulipoziba chini ya theluthi moja ya tundu, la kati ni kati ya theluthi moja na mbili, na kubwa ni zaidi ya theluthi mbili.

Kinachofuata ni kupima usikivu. Kwa chuma chenye umbo la uma kinachotoa mlio kikigongwa, daktari hutambua iwapo sauti inazuiwa njiani au kasoro ipo katika sikio la ndani na mshipa wa fahamu. Kipimo cha mashine hueleza kwa tarakimu kiasi kilichopungua katika kila sikio. Kipimo hiki ni muhimu mno kabla ya upasuaji wowote, kwa kuwa ndicho kitakachotumika kulinganisha hali ya kabla na ya baadaye. Kufungua tundu hakutamrudishia usikivu mtu ambaye kasoro yake iko ndani zaidi.

Picha ya CT skani si lazima kwa kila mgonjwa. Huhitajika pale ambapo ngoma haionekani kabisa, ambapo upasuaji umepangwa, au ambapo daktari ana shaka juu ya kilichomo nyuma ya mfupa. Huonyesha unene wa kinundu, mahali kilipoungana na fuvu, na ujirani wake na mshipa wa fahamu wa uso na kiungo cha taya.

Maradhi yanayofanana nao

Kabla ya kutamka kwamba ni mfupa usio na madhara, daktari huwa na wajibu wa kuondoa shaka ya maradhi mengine. Nta ngumu na vitu vilivyoingizwa na watoto, kama vile maharage na shanga, ndivyo vinavyoonekana mara nyingi zaidi. Lakini kuna pia kolesteatoma, yaani mkusanyiko wa ngozi iliyokufa unaokula mfupa polepole, ambao waweza kujificha nyuma ya kinundu. Kuna polipu, yaani nyama laini inayochomoza, ambayo mara nyingi huashiria maambukizi ya muda mrefu katika sikio la kati. Na kuna saratani ya tundu la sikio, ambayo ni nadra lakini haipaswi kusahauliwa.

Dalili za hatari ambazo hazifai kusubiri ni hizi: damu itokayo sikioni bila ya kujichokonoa, usaha wenye harufu mbaya usiokoma, kizunguzungu kikali, upande mmoja wa uso kulegea, uvimbe nyuma ya sikio, na maumivu makali ya ndani yanayomnyima mtu usingizi, hasa kwa mwenye kisukari au mzee. Mfupa wa kawaida hauleti mambo hayo. Mwenye dalili mojawapo aende hospitali siku hiyohiyo.

Si kila mfupa hukatwa

Swali la kwanza la mgonjwa anapoambiwa kwamba ana mfupa sikioni ni lini utatolewa. Kwa wengi jibu sahihi ni kwamba hautatolewa. Ukubwa wa kinundu peke yake si sababu ya kupasua. Kinachoamua ni taabu kinayoileta.

Hakuna dawa ya kumeza, ya kupaka wala ya matone inayoyeyusha mfupa huo. Anayeuza dawa ya namna hiyo anamdanganya mnunuzi. Tiba isiyo ya upasuaji inalenga kuliweka sikio safi na kavu. Mgonjwa husafishwa na mtaalamu kwa mrija wa kunyonya kila baada ya miezi kadhaa kulingana na hali yake, na maambukizi yakitokea hutibiwa kwa matone ya dawa ya kuua bakteria au fangasi yaliyoandikwa na daktari. Pale ambapo ngozi imevimba mno kiasi cha kuzuia dawa isipite, daktari huweza kuingiza kipande chembamba cha utambi kilicholoweshwa dawa. Wengi huishi hivyo bila ya kuhitaji kisu.

Upasuaji huzungumziwa pale ambapo usikivu umepungua kwa sababu ya kuziba, maambukizi yanarudi licha ya matibabu, nta na taka haziwezi tena kusafishwa, au kuna ugonjwa mwingine nyuma ya mfupa unaohitaji kufikiwa. Huenda pia ukahitajika kwa mtu ambaye kifaa cha kumsaidia kusikia hakiingii sikioni mwake.

Upasuaji unavyofanywa

Kwa eksostosi, mgonjwa kwa kawaida hulazwa kwa dawa ya usingizi. Daktari hupitia mlango wa sikio lenyewe, au hukata ngozi nyuma ya sikio ili apate nafasi zaidi. Ngozi iliyo juu ya kinundu huinuliwa kwa uangalifu na kuhifadhiwa, kwa maana ndiyo itakayorudishwa kufunika mfupa uliochongwa. Ngozi ikipotea, kidonda huchelewa kupona na kovu laweza kulifanya tundu kuwa jembamba tena.

Mfupa wenyewe huondolewa kwa keekee ndogo ya umeme yenye kichwa cha almasi, inayopozwa kwa maji, au kwa patasi ndogo sana yenye upana wa milimita moja hivi. Kila njia ina faida na hasara zake. Keekee huchonga taratibu na kwa ulaini, lakini kelele na mtikisiko wake, hasa ikigusa ngoma au vijifupa vya sikio la kati, huweza kudhuru sikio la ndani. Patasi haina kelele hiyo na huhifadhi ngozi vyema, ila hudai mkono uliozoea. Kilicho muhimu zaidi kuliko aina ya chombo ni uzoefu wa anayekishika.

Osteoma yenye kikonyo ni kazi nyepesi zaidi. Mara nyingi hukatwa kwenye kikonyo kupitia mlango wa sikio, na kipande kilichotolewa hupelekwa maabara ili kuthibitisha aina yake.

Mgonjwa anapaswa kuelezwa athari zinazoweza kutokea kabla ya kutia saini. Ngoma yaweza kutoboka, ingawa mara nyingi huzibwa papo hapo. Kiungo cha taya, ambacho kipo mbele kabisa ya tundu, chaweza kuguswa na kumletea mgonjwa maumivu anapotafuna. Mvumo sikioni waweza kuanza au kuzidi. Kwa nadra, usikivu hupungua daima, au mshipa wa fahamu wa uso hujeruhiwa na uso kulegea. Kwa sababu hiyo masikio yote mawili kwa kawaida hayapasuliwi siku moja, na mtu anayesikia kwa sikio moja tu hushauriwa kuwa mwangalifu zaidi kabla ya kukubali kisu katika sikio hilo.

Baada ya upasuaji sikio hujazwa utambi wenye dawa kwa siku kadhaa hadi wiki chache. Mgonjwa huagizwa asiingize maji sikioni, asipenge kamasi kwa nguvu, na ahudhurie kliniki ili kidonda kisafishwe. Ngozi huchukua wiki kadhaa, pengine hata miezi miwili au zaidi, kupona kabisa. Kuacha kliniki kwa kuwa maumivu yamekwisha ni kosa linaloweza kuiharibu kazi yote, kwa sababu kovu hujijenga kimyakimya.

Kinga

Anayeingia maji baridi mara kwa mara anaweza kupunguza hatari kwa kuvaa vizibo vya masikio vinavyotengenezwa kwa mpira laini au silikoni, pamoja na kofia ya kuogelea inayofunika masikio. Kinga hiyo ni muhimu zaidi kwa aliyekwisha kupasuliwa, kwa kuwa akirudi katika baridi bila ya kinga vinundu huanza kuota upya. Mpiga mbizi anayeshuka kina kirefu asitumie vizibo vya kawaida visivyopitisha hewa, kwa sababu mgandamizo wa maji waweza kuisukuma ngoma na kuijeruhi. Yeye hutegemea zaidi kofia ya mpira mzito.

Kwa mwenye mfupa ambao haujamsumbua, inatosha kuzuia maji yasiingie wakati wa kuoga, mathalani kwa kuweka mlangoni mwa sikio kipande cha pamba kilichopakwa mafuta mazito ya mgando, na kufuta sikio la nje tu kwa kitambaa. Ndani paachwe pajisafishe penyewe.

Pa kuanzia

Mwenye sikio linaloziba mara kwa mara aanze katika kituo cha afya chenye otoskopu, na aombe sikio litazamwe kabla halijaoshwa. Ikionekana kitu kigumu kisichotoka, aombe rufaa kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Idara hizo zipo katika hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza na Kenyatta ya Nairobi.

Akifika huko, na aulize maswali manne: mfupa huu ni wa aina gani, ngoma yangu ni nzima, usikivu wangu umepungua kwa sababu ya mfupa au kwa sababu nyingine, na itakuwaje nisipopasuliwa. Mgonjwa aliyepata majibu ya maswali hayo anaweza kuamua kwa utulivu. Mfupa uliochukua miaka 20 kuota hautamdhuru kwa kusubiri wiki chache za uchunguzi. Njiti ya kiberiti yaweza kumdhuru kwa dakika moja.